Tovuti ya Vikuba vya Mdogo Wangu

Watu wa kwetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi methali hii nimeichukia. Mtu akiitamka mbele yangu siku hizi nainuka nikaenda zangu, hata kama ni harusini na sahani ya biriani ishatoka jikoni. Wanasema sina adabu. Haya, na waseme.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akifunga vikuba. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana na vikapu lazima mmoja arudi nyuma. Humo ndani ndimo alimofanyia kazi yake, juu ya mkeka, sinia mbele yake. Kikuba ni kitu kidogo tu: asmini mbichi, mrihani, waridi, na mkadi ukipatikana, vikafungwa pamoja kwa uzi, mwanamke akakichomeka kifuani au nyweleni akanukia mpaka asubuhi. Alikuwa pia akitunga mashada ya bwana harusi na asmini za kumwagwa kitandani mwa maharusi. Alifundishwa na mama, na mama alifundishwa na mamake. Mimi nilifundishwa nikashindwa, maana kazi ile yataka mtu mtulivu, na mimi uzi ukinikatikia mara mbili nautupa na sinia lake.

Zamani hakuwa akitafuta mteja. Harusi ikipangwa Bondeni au Kibokoni, mtu alitumwa kwetu kabla hata kadi hazijachapishwa. Kisha harusi zikahamia kumbini. Ukikodi ukumbi wapewa na mapambo yake, na mapambo yenyewe ni maua ya plastiki, yakifutwa vumbi hupelekwa harusi nyingine kesho yake. Wateja wakapungua, mwishowe wakabaki wale mabibi wa zamani wanaojua kikuba ni nini, na mabibi nao hawaolewi tena.

Mdogo wangu ameachika na ana binti mdogo. Mwezi wa Rajabu alikuja akakaa karibu yangu nikichagua mchele, akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema kesho huenda ikanyesha, kwamba ameshampa wakala pasipoti yake. Kazi ya nyumbani, Uarabuni. Mtoto angebaki na mimi.

"Wewe una wazimu?" nikamuuliza.

"Sina wazimu, dada. Nina mtoto."

Mchele wote ulinimwagikia. Nilimpigia makelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamtajia wote tunaowajua waliokwenda huko, aliyerudi na mkono uliovunjika, aliyerudi hamjui mwanawe, na yule aliyerudishwa ndani ya sanduku. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema amemwomba wakala angoje mpaka Mfungo Mosi uishe, yaani ule mwezi baada ya Ramadhani ambao harusi zote za pwani huangukia. Akipata kazi za kutosha mwezi huo, atabaki. Asipopata, atakwenda.

Nikasema basi, hapa ni mimi na wakala.

Mimi nafanya kazi Mbaraki, katika ofisi ya watu wanaotoa mizigo bandarini. Ofisini tuko na kijana mmoja wa bara, Mkristo, mtu mzuri sana, ila miaka yote aliyokaa Mombasa hajajifunza kusalimia. Huingia mlangoni na shida yake mdomoni. Kijana huyu alikuwa akitengeneza tovuti za maduka madogo madogo baada ya kazi. Nikamweleza habari za mdogo wangu, akasema, "Mama, watu siku hizi wakitaka kitu hawamuulizi jirani. Wanauliza simu. Kama simu haimjui dadako, hayupo."

Maneno hayo yalinichoma, lakini nikayashika. Tukatengeneza tovuti. Yeye alishughulikia mambo ya ndani, mimi na mdogo wangu tukaandika maneno. Na maneno tuliandika! Tukaanza kwa bismillahi, tukafuatisha salamu kamili, tukauliza hali za wasomaji na za watoto wao, tukawaombea wagonjwa shifaa na maharusi kheri, tukawakaribisha nyumbani, tukaomba radhi kwa kasoro yoyote watakayoiona. Kichwa cha ukurasa kilikuwa neno moja: Karibuni. Mdogo wangu alisoma akasema sasa imekaa vizuri, mtu hataona amevamiwa.

Yule kijana alitafuta ukurasa wetu kwenye simu yake akanionyesha. Ule mtambo wa kutafutia huonyesha kichwa cha ukurasa na mistari miwili mitatu chini yake, ili mtu aamue kufungua au kupita. Chini ya "Karibuni" palikuwa na salamu, na dua ya wagonjwa ikakatikia katikati.

"Mama, hapa mnauza nini?"

"Si vikuba!"

"Mmesema wapi?"

Nikapeleka kidole chini, na chini, na chini zaidi. Neno vikuba lilikuwa karibu na mwisho, na neno Mombasa hatukuliandika kabisa, kwani nani asiyejua tuko Mombasa? Akanieleza kwa upole kwamba mtambo ule unataka uanze na unachouza na mahali ulipo: kwenye kichwa, kwenye mstari wa kwanza, na kwa maneno yaleyale ambayo mtu mwenye haja angeyatumia kuuliza.

"Ala! Kumbe mtambo huu ni mtu wa bara," nikamwambia. Alicheka mpaka machozi. Mdogo wangu hakucheka nilipomwambia. Alisema kumkabili mtu na biashara kabla hujamjulia hali ni kumfanya mfuko, si mtu. Tulibishana jioni nzima, na mwisho nikaziondoa salamu mwenyewe bila ruhusa yake. Hakusema nami mpaka siku ya pili.

Kisha tukaingia kwenye picha. Mdogo wangu alikuwa na matangazo mazuri, maua yamezunguka maandishi ya dhahabu, ya kutuma kwenye simu za watu. Tukayaweka yote. Kumbe maandishi yakiwa ndani ya picha mtambo hauyategemei, wataka usome maneno yaliyoandikwa kando, chini ya picha. Basi tukakaa barazani baada ya alasiri, yeye anasema, mimi naandika. Hiki kikuba cha asmini na mrihani cha kuchomeka kifuani. Hili shada la bwana harusi, limetungwa kwa asmini ambazo hazijafumbuka, zitafumbuka akiwa amekaa. Alizungumza polepole, na mimi kwa mara ya kwanza nikafahamu alikuwa akifanya nini miaka yote ile. Binti yake alilala mapajani mwake. Siku hiyo niliamini kabisa kwamba haendi popote.

Shughuli pevu ilikuwa ramani. Biashara ikiwekwa kwenye ramani ya simu, watu wa karibu huiona upesi, na chini yake wateja huandika maoni na kutia nyota, moja mpaka tano. Mdogo wangu alikataa nyumba kuonyeshwa. Mwanamke asiye na mume, wanaume wasiojulikana waje kubisha hodi? Mahali pa anwani alitaka pawe "Mji wa Kale, ukifika uliza." Nikamwambia mtambo hauulizi. Mwishowe tukaweka alama mdomoni mwa kichochoro.

Ikabaki kuomba maoni. Nikawapigia simu wanawake aliowafungia vikuba, nikawabembeleza, mimi ambaye sijui kubembeleza: andikeni neno moja tu zuri. Wote waliitikia inshallah. Sasa, kwetu sifa ni kitu cha kuogopwa. Kumsifu mtu hadharani ni kumtafutia jicho. Mtoto akizaliwa mzuri tunasema mbaya huyu, ili asidhurike. Kwa hivyo mmoja aliandika Mashallah, akaishia hapo. Mwingine aliweka alama ya mikono iliyoinuliwa kuomba dua. Wengine hawakuandika lolote, wakamwambia mdogo wangu kwa mdomo, chini chini, kwamba wamemwombea.

Halafu shangazi yetu akaingia. Shangazi anampenda mdogo wangu kuliko wanawe mwenyewe, na hilo nalisema mbele yao. Siku moja alinipigia simu kwa furaha, akaniambia na yeye ameandika, mjukuu wake amemshikia simu. Nikafungua. Alikuwa ametia nyota moja. Na chini yake: "Vikuba vibaya. Havinukii."

Lo! Nikampigia palepale.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimemkinga. Nyinyi watoto mwamwanika mwenzenu duniani kote, kila hasidi amwone, na hapana hata mmoja wa kumwekea kizuizi. Sasa atakayekuja na jicho lake akisoma vile atapita."

"Na mteja je?"

"Mteja atakuja anuse mwenyewe," alisema shangazi. "Kizuri chajiuza."

Nilimwomba afute. Alikataa kwanza, kisha akakubali kwa kunihurumia, lakini simu ile ilikuwa ya mjukuu, na mjukuu alikuwa ameiangusha ikafa, na neno la siri la kuingilia hakuna aliyelikumbuka. Kijana wa ofisini alijaribu kuwaandikia wenye mtambo. Hawakujibu. Sikuweza kumchukia shangazi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana hasira yangu haikuwa na pa kwenda.

Ramadhani ikaingia. Katikati ya mfungo, yule kijana akaja mezani kwangu, bila salamu kama kawaida yake, akaniwekea simu mbele ya macho. Alikuwa ameandika "vikuba Mombasa." Na wa kwanza kabisa, juu ya wote, alikuwa mdogo wangu.

Nilipiga kigelegele pale pale ofisini, na bosi akatoka kuja kutazama nani kaolewa. Nilipofika nyumbani nilimfundisha mdogo wangu atafute mwenyewe. Akaandika, akaona, akaandika tena. Alicheka kama mtoto. Magharibi tulifuturu na kaimati nilizonunua njiani, na mimi nilikuwa na matumaini ya kijinga, nikianza kumtukana wakala kwa jina lake.

Simu haikulia. Wiki ikapita, na nyingine. Nikamfuata kijana nikamuuliza, wa kwanza ndiyo, mbona kimya? Aliangalia chini, akanifungulia mahali panapoonyesha watu hutafuta maneno gani. Hapana aliyekuwa akitafuta vikuba. Wanaojua neno hilo wanatujua tayari, na wasiotujua hawalijui neno. Tulikuwa wa kwanza kwenye foleni isiyo na watu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa natumaini, Mama."

Mfa maji haachi kutapatapa. Tukabadilisha maneno tukaweka yale ambayo watu huyatafuta, mapambo ya harusi, maua ya bibi harusi. Huko tukakuta mahoteli na kumbi na watu wenye uwezo wa kulipia matangazo, nasi tukatupwa nyuma huko ambako hakuna anayefika. Mdogo wangu naye alinung'unika kwamba yeye si mtu wa mapambo, kikuba si pambo. Nikamkaripia. Nikamwambia majivuno yake yatampeleka kufua nguo za watu. Tukarudisha neno vikuba mahali pake.

Mfungo Mosi ulikuwa unakaribia kwisha simu ilipolia. Ilikuwa siku ya mapumziko, tuko wote nyumbani. Mama mmoja kutoka Nairobi, sauti ya heshima. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa pwani, na yeye mwenyewe anakumbuka alivyochomekewa kikuba akiwa mtoto. Anamwozesha binti yake Mombasa, anataka kila mwanamke atakayeingia harusini apewe kikuba mlangoni. Alitafuta neno hilo akatuona wa kwanza. Mdogo wangu aliifungulia simu sauti ya nje ili nisikie, na mkono wake ulikuwa umenishika goti. Kazi kama ile ingetosha. Yule mama alisema ana dada zake nao wana mabinti.

Kisha akasema, "Samahani, dada, nilisoma mahali mtu ameandika havinukii. Ni kweli?"

Sasa nisikilizeni. Lilikuwa swali la kujibiwa na mtoto wa miaka mitano. Lakini mdogo wangu alilelewa na mama yuleyule aliyenilea mimi, ila yeye alisikia. Tulifundishwa kwamba mtu hajisifu, kazi yako wataisifu wengine. Akainamisha kichwa kana kwamba yule mama anamwona.

"Sisi twajaribu tu, mama," akasema. "Ukamilifu ni wa Mungu."

Nilimnyang'anya simu. Nikamwambia yule mama kwamba vinanukia, vinanukia mpaka vichochoroni, aliyeandika ni shangazi yetu, aliandika kwa mapenzi, ili kuzuia jicho. Nilieleza na kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikizidi kuonekana mwongo. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema atatupigia.

Hakupiga. Mimi nilimpigia siku iliyofuata, akasema ukumbi umeshampa maua.

Nilimgeukia mdogo wangu kwa hasira. "Neno moja!" nikamwambia. "Vinanukia! Lingekuuma ulimi?" Alikuwa akikunja nguo za mtoto. Akasema lilikuwa mdomoni, lakini lilikataa kutoka. Nikalia, yeye hakulia. Ya kuvunda hayana ubani, akasema, tuache sasa. Wakala alipopiga simu, alipokea mwenyewe.

Aliondoka asubuhi. Binti yake tulimwacha usingizini kwa makusudi, na alipoamka alimtafuta chumba hadi chumba, kisha akaja akasimama mbele yangu bila kuuliza.

Tovuti sikuifunga. Niliwaambia watu nimesahau, lakini sikusahau. Kijana wa ofisini alikuwa amenifundisha kuangalia wageni wanaoingia, wanatoka mji gani na wanakaa kwenye ukurasa muda gani. Kwa kawaida mgeni alikuwa mimi. Kisha akaanza kuonekana mtu kutoka Uarabuni. Anaingia mchana, anakwenda moja kwa moja kwenye picha, anakaa sana, anatoka. Kesho yake anarudi. Mji uliotajwa haukuwa ule alioko mdogo wangu, na mdogo wangu simu yake ilichukuliwa na waajiri wake siku aliyofika. Ijumaa moja moja tu humpa simu ya nyumba azungumze na mwanawe.

Nikajiambia huyu ni mteja. Wako watu wa Mombasa wengi huko, familia nzima nzima, na huja kuozesha nyumbani. Mtu haangalii picha za vikuba kila siku bure. Nilikuwa nimeshakata tamaa, na kurudishiwa tamaa kunauma kuliko kuikosa. Nikaanza kuupamba ukurasa kwa ajili yake peke yake. Nikaandika mstari wa kuwakaribisha walio ng'ambo. Nikabadilisha picha ya juu, ile ya sinia la asmini, nikaweka ya shada la bwana harusi, maana niliona ndiyo itakayomvuta. Nikapanga la kumwambia akipiga: mfungaji yuko safarini kwa sasa, lakini kwa kazi ya kweli atarudi. Ningemrudisha kwa harusi hiyo moja. Hesabu yangu ilikuwa hiyo.

Ijumaa simu ilipokuja, mdogo wangu alisema na mtoto kwanza, kisha akaniomba mimi. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Dada, ile picha ya sinia umeipeleka wapi?"

"Picha gani?"

"Ile ya juu. Jana nimefungua sikuiona."

Niliketi chini. Nikamuuliza anafungulia simu gani. Akasema binti wa pale nyumbani ana huruma, humwazima yake, wenye nyumba wakilala mchana. Mji ulioandikwa ulikuwa makisio ya mtambo tu, hayo niliyajua baadaye kwa kijana.

"Naandika vile ulivyonifundisha," akasema. "Vikuba Mombasa. Na bado sisi wa kwanza, dada. Hata huku."

"Naam," nikamwambia. "Wa kwanza."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukisikia tangu ile Ramadhani. Kisha akauliza, "Basi wateja wameanza kuja?"

Mimi ulimi wangu haujui kuficha, wote wanaonijua watakuambia. Binti yake alikuwa amenishika nguo, akitaka simu arudishiwe.

"Wanakuja," nikasema. "Wanakuuliza."

"Waambie wangoje," akasema upesi upesi, maana mtu alikuwa akimwita huko ndani. "Waambie mkataba ukiisha narudi."

Nikamwambia nitawaambia.